Aliyeshinda, akaenguliwa, akashinda tena: kwa nini kuogelea chali kuna kesi nyingi

Tarehe 25 Juni 2022, ndani ya Duna Arena mjini Budapest, fainali ya dunia ya wanaume ya kuogelea kwa mgongo mita 50 ilimalizika kwa chini ya nusu dakika, kisha ikachukua muda mrefu zaidi kujulikana nani kashinda.

Justin Ress wa Marekani aligusa ukuta kwa sekunde 24.12. Mmarekani mwenzake, Hunter Armstrong, ambaye miezi miwili nyuma alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya 23.71, akagusa kwa 24.14. Ksawery Masiuk wa Poland 24.49. Thomas Ceccon wa Italia 24.51. Hadi hapo hakuna kigumu. Mara matokeo yakabadilika: Ress kaenguliwa. Armstrong akawa bingwa, Masiuk akapanda hadi fedha, Ceccon akaokota shaba. Wamarekani wakapinga, video ikaangaliwa upya, uamuzi ukatenguliwa. Ress akarudishiwa dhahabu, Armstrong akashuka hadi fedha, Masiuk hadi shaba, na Ceccon akabaki mikono mitupu.

Ukitazama vizuri, Marekani walipokata rufaa walikuwa wanamvua kijana wao dhahabu ili wamvishe kijana wao mwingine. Hesabu yao ilikuwa nyepesi tu: Ress akiwa nje wana medali moja, Ress akirudi wana mbili. Aliyelipa deni ni Ceccon, ambaye siku tano kabla, katika bwawa hilohilo, alikuwa ameogelea mita 100 kwa sekunde 51.60 na kuvunja rekodi ya dunia.

Kosa aliloshtakiwa Ress ndilo linalowachanganya watu. Hakuanza kabla ya wenzake, hakuvuka njia ya mtu, wala hakuvaa nguo isiyoruhusiwa. Walisema mwili wake wote ulikuwa chini ya maji alipogusa ukuta.

Mwogeleaji anaenguliwa kwa kulowa? Ndivyo alivyoniuliza rafiki yangu mmoja siku ile, na nilipoanza kumjibu niligundua kwamba jibu lenyewe linaanzia Seoul mwaka 1988, linapita Athens mwaka 2004, ndipo linafika Budapest.

Tuanze na sheria yenyewe, maana ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Katika mtindo wa kifua, ule unaofanana na chura, mwogeleaji amefungwa kila kiungo: mikono iende pamoja, miguu iende pamoja, kichwa kitoke majini kwa mpangilio unaojulikana. Kwenye kipepeo ni vilevile, mikono yote miwili lazima iruke kwa wakati mmoja. Kwenye mgongo hakuna habari hizo. Sheria haisemi mikono izunguke vipi. Ukitaka kuirusha yote miwili pamoja kama anayetupa shuka nyuma ya kichwa, rusha, hakuna atakayekuuliza. Haisemi miguu ipige namna gani. Hata kichwa hakina amri, kiko huru kutazama popote.

Inachokuambia ni mambo mawili tu. Kwanza, ulale chali tangu unapousukuma ukuta hadi unapomaliza, isipokuwa wakati wa kugeuka. Pili, mahali fulani kwenye mwili wako pawe juu ya maji muda wote, isipokuwa sehemu chache zilizotajwa.

Neno letu “chali” linasaidia sana hapa kuliko maelezo ya vitabuni. Mtu yuko chali, au yuko ubavu, au yuko kifudifudi. Sheria inaruhusu mabega yayumbe kushoto na kulia, maana bila kuyumba huwezi kuvuta maji kwa nguvu, lakini yasifike nyuzi 90. Nyuzi 90 ndio ubavu. Ukifika ubavu umeshatoka chali, na ukitoka chali mahali pasipo pa kugeuka, umekwisha.

Hilo la kwanza halisumbui watu. Tatizo ni hilo la pili, la kuwa juu ya maji. Na ili kuelewa lilitoka wapi inabidi tukubali jambo linaloonekana kinyume: kwa mwogeleaji wa kiwango cha dunia, juu ya maji ndiko kubaya. Anapoogelea juu, kichwa na mabega yake vinasukuma wimbi mbele yake, kama jahazi linavyosukuma maji kwa omo. Kulinyanyua wimbi lile kunakula nguvu, na kadiri anavyokazana ndivyo linavyokuwa kubwa. Akishuka chini kiasi cha mkono hivi, wimbi linapotea. Maji bado yanamkaba, lakini lile tuta la mbele halipo. Akiunganisha miguu na kupiga mateke ya pomboo, mwili mzima ukipinda na kunyooka kama mjeledi, anaenda mbio kuliko wenzake wanaozungusha mikono juu.

David Berkoff, mwanafunzi wa Harvard, alilibeba jambo hilo hadi mwisho wake. Alikuwa akisukuma ukuta na kupotelea chini kwa zaidi ya mita 30, yaani zaidi ya nusu ya bwawa, watu wakitazama njia tupu na maji yaliyotulia. Kisha anaibuka yuko mbele. Kwenye Olimpiki ya Seoul, katika mchujo wa mita 100, alivunja rekodi ya dunia kwa sekunde 54.51.

Fainali ikawa kitu kingine. Daichi Suzuki wa Japani naye alikuwa mtu wa mbizi, na siku ile akajiongezea muda wa kukaa chini, akaenda takriban mita 30. Berkoff akaibuka mbele, lakini hewa ina bei yake, na mita za mwisho zikamdai. Suzuki 55.05, Berkoff 55.18, Igor Polyansky wa Umoja wa Kisovyeti 55.20. Watu watatu ndani ya pengo la kufumba na kufumbua. (Suzuki baadaye alikuja kuwa mkuu wa Wakala wa Michezo wa Japani.)

Wakuu wa FINA, shirikisho la dunia la kuogelea, wakajikuta na swali gumu: huu bado ni mchezo wa kuogelea kwa mgongo, au ni wa kupiga mbizi? Hawakusubiri. Muda mfupi baada ya Seoul waliweka kikomo cha mita 10 chini ya maji baada ya kuanza, na mwaka 1991 kikawa mita 15. Ukitazama kamba zinazotenganisha njia bwawani, utaona alama ya rangi tofauti kwenye mita 15 kutoka kila upande. Kichwa kiwe kimeshatoboa maji kabla ya alama ile kupita. Mbio za mita 50 zina mbizi moja, za mita 100 zina mbili, za mita 200 zina nne. Kwa hesabu hiyo mtu anaweza kuogelea mita 60 kati ya 200 akiwa haonekani, na sheria haina neno naye.

Kwa maoni yangu kikomo kile kilikuwa cha haki, ingawa nakiri kwamba ningelipa pesa nzuri kumwona Berkoff akipotea vile mara moja zaidi.

Basi hapo ndipo ilipotoka ile amri ya kuwa juu. Na ukishaijua, utaona kwamba karibu kesi zote za mtindo huu zinatokea mahali pamoja: ukutani. Katikati ya bwawa hakuna kesi. Mtu amelala chali, mikono inazunguka, kila mmoja anamwona. Anapoukaribia ukuta ndipo mambo yanapoharibika, na sababu kubwa ni kwamba haoni anakokwenda.

Niliwahi kujaribu. Bwawa la hoteli, asubuhi, hakuna watu, nikajilaza chali nikajiona bingwa. Dari ilikuwa nyeupe isiyo na alama yoyote. Nikahesabu moyoni, nikasema bado, nikasema bado tena, kisha nikagonga utosi kwenye vigae. Mhudumu aliyekuwa anakunja taulo hakucheka, alisema tu, “Pole, kaka,” kwa sauti ya mtu aliyeshaona wengi.

Waogeleaji wa kweli wana bendera. Ni zile pembetatu ndogo zinazoning’inia kwenye kamba iliyokatiza bwawa, mita 5 kutoka kila ukuta na karibu mita 2 juu ya maji. Wengi wanaotazama kwenye runinga hudhani ni mapambo ya sherehe. Kwa mtu aliye chali ndiyo macho yake. Mazoezini anahesabu mara elfu: bendera zimepita juu ya uso wangu, mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu, ukuta. Idadi yake anaijua kama mtu anavyojua ngazi za nyumbani kwao gizani, na inabadilika akiwa mbio zaidi au akiwa amechoka. Akikosea kwa nusu mkono, sehemu kadhaa za sekunde zimekwenda.

Zamani mwogeleaji alilazimika kuugusa ukuta kwa mkono akiwa bado chali ndipo ageuke. Mwaka 1991 hilo nalo lilibadilika. Sasa akikaribia anaruhusiwa kujipindua kifudifudi, avute mkono mmoja, au yote miwili kwa pamoja, apige kichwangomba, auguse ukuta kwa mwili, kwa kawaida kwa nyayo, na kuusukuma akiwa amerudi chali. Sharti ni kwamba yote hayo yaende mfululizo. Ukishajipindua huruhusiwi kuteleza huku umelala kifudifudi ukingoja ukuta ukufikie. Anayejipindua mapema, kwa kuwa alihesabu vibaya baada ya bendera, ndiye anayeingia kwenye mtego huo.

Na ndiko alikoingizwa Aaron Peirsol huko Athens. Fainali ya mita 200, Olimpiki ya 2004. Mmarekani huyu alimaliza kwa 1:54.95, na wa pili, Markus Rogan wa Austria, alikuja kwa 1:57.35. Ni pengo la zaidi ya sekunde mbili, ambalo kwenye bwawa ni shamba zima. Kisha ikatangazwa kaenguliwa, mwamuzi wa kugeuka kaona kosa. Kwa muda Rogan akawa bingwa wa Olimpiki, Razvan Florea wa Romania akawa wa pili, na Mwingereza James Goddard, aliyekuwa wa nne, akawa na shaba.

Haikudumu. Peirsol alirudishiwa ushindi, na sababu iliyotolewa ndiyo inayonifurahisha hadi leo: ripoti ya mwamuzi haikuwa na maelezo ya kutosha, tena haikuandikwa kwa lugha ya kazi ya shirikisho. Kwa hiyo swali la kama Peirsol aligeuka vibaya au vizuri halikujibiwa kabisa. Kilichoanguka ni karatasi. Waaustria na Waingereza walikata rufaa, wakakataliwa. Kuna watu waliona haki imetendeka na wengine waliona mchezo umechezwa ofisini, na wote wanaweza kutumia ushahidi uleule. Kilichoongeza utamu wa mzozo ni kwamba siku chache kabla Peirsol mwenyewe alikuwa amemshutumu hadharani Kosuke Kitajima wa Japani kwamba kapiga teke lisiloruhusiwa kwenye mtindo wa kifua.

Peirsol huyohuyo alikuja kupata somo jingine la kutokuona. Mwaka 2009 alifika Rome kwenye mashindano ya dunia akiwa na rekodi mpya ya mita 100, sekunde 51.94, aliyoiweka wiki chache nyuma. Kwenye nusu fainali akaogelea kwa kujihifadhi, akiamini nafasi anayo. Akawa wa tisa. Wanaingia wanane. Mtu wa mtindo huru hugeuza uso kuvuta hewa na kumwona jirani. Mtu wa mgongo anaona dari, na anachojua kuhusu wenzake ni mawimbi yanayompiga ubavuni. Siku chache baadaye alimalizia hasira zake kwenye mita 200 kwa 1:51.92. Huo ulikuwa mwaka wa yale mavazi ya mpira yaliyofunika mwili, yaliyopigwa marufuku kuanzia 2010, lakini hata baada ya mashindano ya dunia ya Singapore 2025 muda ule ulikuwa haujaguswa na mtu.

Turudi Budapest, kwenye ukuta wa mwisho.

Kumaliza kuna ugumu wa peke yake kwa sababu ruhusa ya kujipindua haipo. Ukuta wa kugeukia unaweza kuufikia kifudifudi. Wa kumalizia lazima uuguse ukiwa chali. Kwa hiyo mita ile ya mwisho mwogeleaji anafanya kitu ambacho mwili hautaki: anarusha mkono mmoja moja kwa moja nyuma ya kichwa, anatupa kichwa nyuma, na anapiga teke moja kubwa la miguu yote miwili ili mwili uruke kuelekea ukutani usikoonekana. Pedi ya kielektroniki iliyobandikwa ukutani inateremka chini ya maji kiasi cha sentimita 60 hivi, kwa hiyo haijalishi agusie juu au chini.

Sasa fikiria mwili uliofanya hivyo. Kichwa kimetupwa nyuma, basi uso umezama. Mkono umenyooka kufuata kichwa, basi nao uko chini. Kifua kimefuata. Teke limeshuka na miguu haijarudi juu. Kwa sehemu ndogo ya sekunde, mtu mzima anaweza kuwa amemezwa na maji, huku povu alilolitimua likiwa limefunika kila kitu. Na ile amri iliyoletwa ili kuwazuia akina Berkoff wasipige mbizi nusu ya bwawa inamdaka mtu aliyezama kwa sentimita chache katika nusu mita ya mwisho. Neno lilikuwa “muda wote”. Kumalizia hakukuwemo katika orodha ya msamaha ya wakati ule, yenye kugeuka na zile mita 15 tu.

Je, anafaidika? Ndiyo, kidogo. Anayezama anaachana na wimbi lake mwenyewe na teke lake linamsukuma moja kwa moja. Ndiyo maana wanafanya. Hakuna anayezama kwa bahati mbaya.

Lakini jiweke kwenye nafasi ya mwamuzi aliyesimama juu ya ukuta. Anatakiwa kuona kama kidole gumba cha mguu, au goti, au ncha ya bega ilikuwa juu ya maji wakati kiganja kinagusa pedi. Vitu viwili vilivyo mbali kwa zaidi ya mita mbili, ndani ya povu, kwa muda usiofika nusu ya sekunde. Kidole kimoja kikiwa juu, dhahabu. Kikiwa chini, nje. Waamuzi hufundishwa kwamba penye shaka apewe mwogeleaji, na ni vigumu kupata mahali penye shaka kuliko hapo. Siwaonei wivu.

Na kumbuka kilichokuwa kinagombaniwa. Kati ya Ress na Armstrong kulikuwa na sehemu mbili za mia za sekunde. Kwa mwendo wao, zaidi kidogo ya mita 2 kwa sekunde, hiyo ni kama sentimita 4. Upana wa vidole viwili.

Hapa watu huuliza: kama ni vidogo hivyo, kwa nini wasipime hadi sehemu za elfu, mambo yakaisha? Walishawahi. Munich 1972, katika mita 400 za mitindo minne, Gunnar Larsson wa Sweden alimshinda Tim McKee wa Marekani kwa sehemu mbili za elfu za sekunde, yaani umbali wa milimita tatu hivi. Baadaye ikaamuliwa iwe mwisho wa mambo hayo, kwa sababu ya mafundi ujenzi. Sheria inaruhusu bwawa la mita 50 lizidi kwa hadi sentimita 3, maana hakuna ukuta wa zege na vigae unaotoka umenyooka kabisa. Sehemu moja ya elfu kwa mtu wa mgongo ni milimita 2. Ukipima hivyo, umemtuza aliyepangiwa njia ambayo fundi wake alipaka saruji nene. Kwa hiyo wanaishia kwenye mia, na wakilingana wamelingana. Shanghai 2011, mita 100 kwa mgongo, Wafaransa wawili, Camille Lacourt na Jérémy Stravius, waligusa wote kwa 52.76. Dhahabu mbili, fedha hakuna, na Ryosuke Irie wa Japani akachukua shaba.

Mwanzo wa mbio nao una visa vyake, lakini hapo nitapita haraka. Huu ndio mtindo pekee unaoanzia majini: mwogeleaji anashika vishikio vya jukwaa, anaegemeza nyayo ukutani, anajikunja kama chura. Kutokana na hilo, katika mbio za kupokezana mitindo minne mtu wa mgongo ndiye anayeanza siku zote. Angewekwa katikati, yule anayemaliza angekuja kumgonga ndani ya maji. Faida yake ni kwamba muda wa anayeanza unahesabika kuwa rekodi halali. Ryan Murphy aliivunja ile 51.94 ya Peirsol kwa namna hiyo, akianza mbio za kupokezana za Rio 2016 kwa 51.85. Zamani miguu ilikuwa ikiteleza ukutani, mtu anaanguka kwa makalio badala ya kuruka. Tangu katikati ya miaka ya 2010 wanapewa kikanyagio, kibao chembamba kinachoning’inizwa kwa mikanda kutoka jukwaani na kukaa usawa wa maji. Wakikitumia, angalau kidole kimoja cha kila mguu kiwe kinagusa ukuta. Ukitazama marudio ya polepole ya mwanzo wowote wa siku hizi, utaona migongo inaruka upinde mzuri juu ya maji na kuingilia tundu moja. Hiyo ni kazi ya kibao kile.

Miezi minane baada ya Budapest, mwanzoni mwa 2023, sheria ilibadilishwa. Shirikisho, ambalo wakati huo lilikuwa limeshaacha jina la FINA na kujiita World Aquatics, liliongeza sentensi moja: kichwa cha mwogeleaji kikishapita alama ya mita 5 kabla ya ukuta wa kumalizia, anaruhusiwa kuzama mzima. Mita 5, yaani palepale bendera zilipo. Hawakuhitaji kuchora mstari mpya, kamba ilikuwa inaning’inia pale siku zote.

Anatakiwa bado awe chali. Hilo halijaguswa. Lakini kidole gumba cha mguu hakina tena kesi ya kujibu.

Wapo makocha wanaonung’unika kwamba mlango umefunguliwa, kwamba kuna siku mtu atapata njia ya kuzitumia zile mita 5 zote kwa mateke ya pomboo na tutarudi Seoul kwa mlango wa nyuma. Mimi sidhani. Kuzama ukiwa umechoka, mapafu matupu, bila ukuta wa kuusukuma, ni ghali. Ile mbizi ya mwanzo inalipa kwa sababu miguu imesukuma kitu kigumu. Mita ya mwisho inalipa, labda na ya pili yake. Tano zote, nitaamini nikiona.

Singapore 2025 ilikuwa nafasi nzuri ya kutazama sheria mpya ikifanya kazi. Fainali ya mita 100: Pieter Coetzé wa Afrika Kusini, kijana wa miaka 21, aligusa kwa 51.85. Ceccon, yuleyule wa Budapest, ambaye kati hapo alikuwa ameshatwaa dhahabu ya Olimpiki ya Paris kwa 52.00, alikuja na 51.90. Yohann Ndoye-Brouard wa Ufaransa 51.92. Watu watatu ndani ya sehemu saba za mia, yaani umbali usiofika sentimita 15, urefu wa kiganja na vidole vyake. Bendera zilipopita, kilichobaki kilikuwa mikono iliyonyooka nyuma na povu. Kwa sheria ya zamani, pengo kama hilo lingeweza kuamuliwa na mguu wa mtu. Safari hii hakuna aliyelazimika kuutafuta, matokeo yalisomwa kwenye ubao na yakabaki hivyohivyo.

Mbio za mita 50 kwa mgongo, zile zilizomwondoa Ress na kumrudisha, hazijawahi kuwemo kwenye Olimpiki. Zitakuwemo kwa mara ya kwanza Los Angeles 2028. Ni ukuta mmoja wa kusukuma, mmoja wa kugusa, na katikati hakuna kugeuka. Ukizitazama, acha mikono inayozunguka. Tazama kamba ya bendera upande wa kumalizia, kisha uhesabu pamoja na waogeleaji: mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu.